Kiinua Mgongo ni cha Nani?

Na Mwalimu Mstaafu



Jumapili moja baada ya ibada ya asubuhi nilisema neno chini ya mwembe wa kanisani, na tangu siku ile limekuwa likinirudia usiku. Tulikuwa tumeketi pale kama ilivyo desturi yetu sisi wazee, tukizungumza habari za dunia, na mazungumzo yakaangukia kikokotoo cha pensheni. Mwalimu mwenzangu, mama mmoja tuliyefundisha naye shule moja kwa miaka tisa, alikuwa amestaafu mwezi Septemba mwaka 2024. Alikuwa akieleza kwamba fedha aliyopewa kwa mkupuo haikutosha kuezeka nyumba yake. Mimi nikamkatiza. Nikasema, "Mwalimu, mshukuru Mungu. Mimi mwaka 2019 nilipewa nusu nzima, na leo sina kitu. Wewe serikali imekuokoa na nafsi yako. Ni kwa faida yako."

Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, wewe ulikosea kwa fedha yako. Mimi nimekosewa kwa fedha yangu. Mambo hayo si mamoja." Akachukua mwavuli wake akaenda zake.

Padre wetu alikuwa karibu, akasikia yote. Juma lililofuata aliniambia, "Mwalimu, swali hilo ulilianzisha chini ya mwembe. Sasa ulimalize gazetini." Basi ninatii, ingawa sina hakika kama nitalimaliza. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki sheria imzuilie mzee fedha yake kwa ajili ya faida yake mwenyewe?

SHERIA YENYEWE

Kwa ajili ya vijana, na kwa ajili ya wakulima wetu ambao habari hizi huzisikia redioni tu, hapana budi nianze na sheria.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Sheria hiyo iliunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikawa mfuko mmoja uitwao PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018. Mfuko wa NSSF ukaachiwa wafanyakazi wa sekta binafsi, na mlango ukafunguliwa kwa waliojiajiri kuchangia pia. Sheria ilikuwa pana. Iligusa uzazi, ulemavu na mafao ya warithi, ikaleta hata fao la mtu aliyepoteza kazi si kwa hiari yake. Kila mtumishi wa umma achangie asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri achangie asilimia 15.

Hayo yote watu wengi waliyapokea. Kelele zilianza zilipotoka kanuni za namna ya kukokotoa mafao. Sisi tuliokuwa katika mifuko ya PSPF na LAPF tulizoea kwamba mtu akistaafu hupewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo, na nusu iliyobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi hadi afe. Kanuni mpya zilisema mkupuo uwe asilimia 25. Vyama vya wafanyakazi vikalalamika sana. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wao Ikulu, Dar es Salaam, akaagiza vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi mwaka 2023. Baadaye serikali na wadau walikaa tena, na kuanzia Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote. Kisha katika bajeti ya mwaka 2024/25 ukapandishwa kuwa asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wa nusu, na asilimia 35 kwa wale ambao zamani walikuwa wa robo.

Mimi nilistaafu mwezi Machi 2019, katika kipindi kile cha mpito. Nilipita mlango ukiwa wazi. Mwenzangu alifika akaukuta umefungwa nusu.

Kwa nini serikali ilifanya hivyo? Sababu nilizozisikia ni mbili. Ya kwanza, mifuko ilikuwa imeelemewa. Ya pili, wastaafu huzitapanya fedha za mkupuo, kisha huishi miaka mingi katika dhiki. Kwa hiyo ni heri wapewe kidogo kwa mara moja na kingi zaidi kila mwezi. Sababu ya pili ndiyo niliyoisema mimi chini ya mwembe, nami niliisema kwa ujasiri kwa sababu niliijua katika mwili wangu.

DAFTARI LANGU

Nilifundisha hesabu kwa miaka 36. Nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilijiona mtu anayejua namba. Watoto wa kijiji kizima nimewafundisha faida na hasara, riba na asilimia. Siku fedha ile ilipoingia benki, fedha nyingi kuliko zote nilizopata kushika, nilinunua daftari jipya nikaandika juu yake: "Matumizi." Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyowafundisha watoto. Mimi mali yangu ilipotea na habari zake zote ninazo.

Ukurasa wa kwanza kuna harusi ya binti yangu wa mwisho, na kwa hiyo sijuti. Ukurasa wa pili kuna Hiace iliyotumika, tuliyonunua kwa ubia na shemeji yangu ifanye safari za Muheza na Tanga. Ilifanya kazi miezi mitano. Injini ikafa, na fundi akala zaidi ya abiria walichotuletea. Ukurasa wa tatu una majina. Hapo yupo mtoto wa ndugu aliyetaka ada, na binamu aliyetaka mtaji wa mahindi. Yupo pia rafiki wa utotoni aliyetaka mkopo wa miezi miwili, na hadi leo akiniona sokoni huvuka barabara. Ukurasa wa nne haukujaa, maana fedha ilikwisha kabla ya karatasi.

Ilichukua miezi kumi na minane. Nimejifunza kwamba mkupuo una ndugu wengi, lakini pensheni ya mwezi haina hata binamu. Leo ninaishi kwa ile ya mwezi, na mke wangu hulima. Kama mtu angeniambia siku ile, "Mwalimu, tunakuzuilia sehemu kubwa zaidi," ningemtukana moyoni, na leo ningembariki.

Basi msishangae kwamba nilisema lile neno. Lakini aibu ya mtu ni mwalimu mbaya akipewa darasa la watu wengine. Kwa kuwa mimi nilitapanya, nilihukumu kwamba kila mtu angetapanya.

HESABU NILIYOKUWA SIJAIFANYA

Baada ya kuombwa kuandika, nilikwenda nyumbani kwa mwalimu mwenzangu kumwomba radhi. Nyumba yake ina vyumba vinne. Viwili vimeezekwa, viwili vina kuta na mbingu. Alinipa kiti, akamtuma mjukuu alete chai, kisha akaleta daftari la shule na kalamu. Akasema, "Kaka, radhi nimeipokea. Sasa tufanye hesabu. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu."

Nanyi wasomaji nawaomba tuifanye pamoja, polepole. Tulichukua mfano wa mtumishi ambaye mshahara wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, na amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360.

Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF, unazidisha mshahara wa mwaka kwa miezi ya kazi, unagawa kwa 540. Unapata 8,000,000, ndiyo pensheni nzima ya mwaka. Nusu yake, 4,000,000, unaizidisha kwa 15.5: mkupuo ni shilingi 62,000,000. Nusu iliyobaki unaigawa kwa miezi 12: pensheni ni shilingi 333,333 kila mwezi.

Kwa kikokotoo cha sasa unagawa kwa 580. Pensheni nzima ya mwaka inakuwa 7,448,276. Asilimia 40 yake unaizidisha kwa 12.5: mkupuo ni shilingi 37,241,379. Asilimia 60 iliyobaki unaigawa kwa 12: pensheni ni shilingi 372,414 kila mwezi. Tena zamani ulitumika mshahara wa mwisho. Sasa unatumika wastani wa miaka mitatu iliyo bora katika miaka kumi ya mwisho. Sisi tuliiacha tofauti hiyo ili hesabu iwe nyepesi.

Tukaweka kalamu chini tukatazama. Mkupuo umepungua kwa shilingi milioni 24 na zaidi. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa shilingi 39,081. Mwalimu mwenzangu akauliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaulizia watoto wa darasa la sita, "Je, mstaafu huyu ataishi miezi mingapi ili nyongeza ya mwezi ifidie kilichopunguzwa?"

Nikagawa. Jibu ni miezi 633. Ni zaidi ya miaka 52. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 atakuwa amefidiwa akifikia miaka 112.

Nilirudia mara mbili, nikidhani nimekosea nukta. Sikukosea. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba fedha haikupunguzwa, imesogezwa tu mbele kwa faida yao. Kumbe sehemu imesogezwa, na sehemu imepunguzwa. Wenye macho waliliona hilo zamani, nasi wengine tulikuwa tukibishana juu ya asilimia, nusu au theluthi, wakati 540 ilikuwa imegeuka kuwa 580 na 15.5 ikawa 12.5.

FEDHA NI YA NANI?

Hapa mtu anaweza kuniuliza, "Mwalimu, lakini fedha yenyewe ni yako kweli? Wewe ulichangia asilimia 5, mwajiri 15." Ni swali la haki. Tena niseme ukweli zaidi: kabla ya Julai 1999 sisi watumishi wa serikali hatukuchangia hata senti. Mfuko wa PSPF ulipoanzishwa, miaka yetu ya nyuma ilihesabiwa kana kwamba tumechangia, na serikali ikachukua ahadi ya kuilipia. Kwangu mimi hiyo ni miaka 16.

Lakini tufikiri. Mtu anapoajiriwa, anauza nguvu za ujana wake kwa mapatano. Sehemu ya malipo hupewa mwisho wa mwezi, na sehemu huambiwa, "Hii utaikuta mbele." Kwa sababu ya ile ya mbele, hukubali ile ndogo ya sasa. Nilipopangiwa shule yenye madarasa mawili ya udongo sikuondoka kwenda kufanya biashara kama wenzangu wengine, kwa kuwa nilijua mbele kuna kitu. Basi pensheni ni mshahara uliocheleweshwa, na anayeiita zawadi amekosea. Na lugha yetu ilikuwa na hekima ilipoita fedha ile kiinua mgongo. Mgongo ulioinama kwa miaka thelathini juu ya madaftari ya watoto ndio wenye fedha hiyo.

Kwa hiyo ahadi ni deni, na deni ni la aliyeahidi. Na hapa ndipo tulipofika kwenye sababu ile ya kwanza, ya mifuko kuelemewa. Iliemewa na nani? Wazee wa kuishi sana wamo, nakubali. Lakini ile miaka ya kabla ya 1999 haikulipiwa kwa wakati. Mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani maalum ya zaidi ya shilingi trilioni 2 ili kupunguza deni hilo, nasi tunapaswa kuishukuru kwa hatua hiyo. Lakini hatua hiyo yenyewe inakiri kwamba deni lilikuwapo. Vilevile mifuko iliikopesha serikali fedha za kujengea, kama majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilieleza mara kwa mara jinsi marejesho yalivyochelewa. Chuo ni kitu chema, na wajukuu zetu wamesoma pale. Lakini mwenye kukopa ghala hana budi kurudisha nafaka.

YUSUFU NA BABA WA WANA WAWILI

Nilipofikiri juu ya ghala nilimkumbuka Yusufu. Katika Mwanzo 41 alimshauri Farao kuchukua sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe. Sehemu ya tano ni asilimia 20, yaani 5 yetu na 15 ya mwajiri. Nilitabasamu nilipoliona hilo. Mhubiri akitaka kutetea sheria ya kuweka akiba kwa lazima, sura hiyo inamtosha. Watu wengi tukiachiwa wenyewe hatuweki. Shibe hutusahaulisha njaa.

Lakini twendelee kusoma hadi Mwanzo 47. Njaa ilipokuja, watu wale wale waliotoa nafaka waliinunua tena ghalani. Fedha ilipokwisha walitoa mifugo, mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba na nafsi zao. Yusufu aliwaokoa na kifo, hilo ni kweli nao walilikiri. Hata hivyo Farao alitoka katika njaa ile akiwa mwenye mashamba yote isipokuwa ya makuhani, na waliojaza ghala wakatoka wakiwa watumwa. Kuweka akiba kwa ajili ya watu ni jambo moja. Kusahau kwamba akiba ni yao ni jambo jingine.

Mfano mwingine ni ule wa Luka 15. Mwana mdogo alidai sehemu yake, na baba akampa. Bila shaka alimjua mtoto wake. Alijua kwamba mkupuo ule utakwisha. Hakumwambia, "Nitakupa asilimia 40, nyingine utakuja kuchukua mwisho wa mwezi." Alimpa, kisha akakaa akitazama njia. Anayetaka watu wapewe chote aukumbuke huo mwisho: aliyempa mwanawe uhuru wa kukosea alikuwa tayari kumpokea akirudi na njaa. Je, sisi tuko tayari? Mzee akitapanya yote na kubaki mikono mitupu, atalishwa na nani? Watoto wake watabeba, jirani watabeba, na sanduku la sadaka la maskini litabeba. Kwa hiyo wanaobeba wana haki ya kusema neno juu ya namna fedha inavyotolewa. Hilo bado ninaliamini, na ndiyo sababu siwezi kusema kwamba sheria haina haki kabisa ya kuzuia.

Lakini katika mfano ule kuna mwana mkubwa pia, yule aliyefanya kazi miaka yote bila kutapanya kitu. Niliposoma safari hii nilijiona mimi ni yule mdogo, na mwalimu mwenzangu ni yule mkubwa. Naye mdogo, badala ya kukaa kimya kwa aibu, alikwenda kumwambia mkubwa kwamba amepunguziwa sehemu yake ili asije akawa kama yeye.

WA ROBO NA WASIO NA KITU

Siwezi kuacha sauti nyingine mbili za mwembe ule, kwa maana haki si yetu walimu peke yetu.

Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alifanya kazi katika hospitali isiyo ya serikali, akastaafu mwaka 2017 akiwa mwanachama wa NSSF. Yeye alikuwa katika kundi la asilimia 25. Kwa mfano wetu ule ule wa milioni moja na miaka 30, wakati sisi tulipata 62,000,000, mtu wa kundi lake alipata 23,275,862, ingawa pensheni yake ya mwezi ilikuwa kubwa zaidi. Alisema, "Ninyi mlipopewa nusu na sisi robo, sikusikia mwalimu hata mmoja akilia kwa ajili yetu." Hatukuwa na jibu. Ni kweli. Katika sheria hii mpya watu wa kundi lake walipandishwa, kutoka 25 hadi 33 na sasa 35. Kuwasogeza ndugu wawili wakaribiane ni kazi ya haki. Tulipaswa kuitaka kabla haijagusa mfuko wetu.

Na mzee wetu mmoja mwenye shamba la michungwa alicheka tu. Akasema, "Mimi mkupuo wangu ni mchungwa, na pensheni yangu ni mchungwa. Mwaka bei ikianguka, hakuna kikokotoo." Wenzetu wa Zanzibar tangu Aprili 2016 waliamua kwamba kila mzee wa miaka 70 na zaidi apate fedha kila mwezi, awe alichangia au hakuchangia. Walianza na shilingi 20,000, na baadaye wakaongeza. Kiasi si kikubwa, lakini kinasema neno ambalo vikokotoo vyetu havijasema: kwamba uzee wenyewe una haki, hata bila barua ya ajira.

NINALOAMINI SASA

Basi nirudi kwenye swali. Je, ni haki kumzuilia mzee fedha yake kwa faida yake?

Ninaamini yaweza kuwa haki kuzuia sehemu. Daftari langu ni shahidi. Lakini anayemshika mwenzake mkono ili asianguke hana budi kusimama imara mwenyewe. Anayeniambia niwe mwangalifu na fedha, alipe kwanza fungu lake kwa wakati. Pia sheria ya kumlinda mtu imkute akiingia kazini, isimvizie mlangoni akitoka. Mwalimu kijana anayeajiriwa leo akiambiwa asilimia 40, atapanga maisha yake kwa 40. Mwenzangu alipanga kwa nusu kwa miaka zaidi ya thelathini, akajenga msingi wa vyumba vinne kwa hesabu hiyo. Hakuwa mjinga wala mtapanyaji. Aliamini alichoambiwa.

Huenda ahadi ya zamani haikuwezekana tena. Inawezekana kabisa, ghala tupu halina ubishi. Basi aliyeahidi na aseme, "Hatuna. Tulikosea hesabu, tulichelewa kulipa, na sasa hatuna budi kuwapunguzia. Tusameheni, nasi tutaanza na wenye mishahara mikubwa." Neno "hatuna" linauma, lakini lina heshima ndani yake, kwa kuwa linamchukua msikilizaji kuwa mtu mzima. Lakini ukimpunguzia mtu kisha ukamwambia "ni kwa faida yako", umemnyang'anya mara mbili: umechukua fedha, na umechukua haki yake ya kujua kwamba imechukuliwa.

Neno hilo la pili ndilo nililolisema mimi chini ya mwembe. Sikuwa serikali wala sikuwa na kikokotoo mkononi. Nilikuwa na aibu yangu tu, nikaifanya kuwa hekima ya kumfundishia mwingine. Nimemwomba radhi nyumbani kwake. Sasa ninamwomba radhi hapa, mbele ya wote waliosikia.

Neno la mwisho ni kwa walimu vijana na wauguzi wa usharika huu. Tunzeni barua zenu za ajira. Ulizeni kila mwaka kama michango yenu imefika, msingoje mwaka wa mwisho. Na wale waliobakiwa na miaka mitano au pungufu, Padre ameturuhusu chumba cha darasa la kipaimara kila Alhamisi baada ya sala ya jioni. Njooni na hati zenu za mshahara. Tutafanya hesabu pamoja bila malipo, mwalimu mwenzangu na mimi. Yeye atauliza maswali, mimi nitagawa.

Nilipoaga siku ile alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwambia kwamba nitaandika yote, hata ya Hiace. Akasema, "Andika, Kaka. Lakini andika na ile 633." Nimeiandika. Mvua za vuli zikija, vile vyumba viwili bado viko wazi.